Kusikiliza ni Kazi: Habari za Joseph Kamaru, Aitwaye KMRU

Wanafunzi wenzangu, pamoja nanyi wazee wetu mliosoma hapa zamani,

Wengi wetu hudhani kwamba mwanamuziki lazima awe na bendi. Leo napenda kuwaelezeni habari za kijana mmoja wa Kenya afanyaye muziki peke yake, kwa kinasa sauti na kompyuta.

Joseph Kamaru alizaliwa Nairobi mwaka 1997. Babu yake, aliyekuwa na jina hilo hilo, alikuwa mwimbaji mashuhuri wa Kikuyu, naye alifariki mwaka 2018. Mjukuu hutumia jina KMRU, yaani Kamaru bila irabu a.

Kazi yake ina hatua mbili. Kwanza hutoka nje na kunasa sauti za mahali, kama vile ndege, watu na magari. Pili, huzitia sauti hizo katika kompyuta, akazirefusha na kuziweka moja juu ya nyingine, mpaka zikawa kama ukungu wa Rwenzori asubuhi. Mara nyingi hamna ngoma wala maneno.

Mwaka 2020 albamu yake Peel ilitolewa na kampuni ya Editions Mego, akajulikana Ulaya. Alihamia Berlin, akasomea elimu ya sauti katika chuo kikuu. Lakini hakuridhika kurudia jambo lile lile. Mwaka 2022 alitoa Temporary Stored, kazi iliyotokana na sauti za kale za Afrika zilizohifadhiwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Mwaka 2023 alitoa Dissolution Grip kwa lebo yake mwenyewe, OFNOT. Tena amefanya juhudi ili nyimbo za babu yake zipatikane upya.

Je, habari hizi zatuhusu nini sisi wa Kasese na Bwera? Tazameni: sauti nyingi za wazee wa Kongo, nchi tuionayo ng'ambo ya mto pale Mpondwe, zimewekwa Ubelgiji. Anayetaka kuzisikia hana budi kubisha hodi kwa wageni. Na sauti zetu je? Garimoshi lilifika Kasese mwaka 1956. Leo mlio wake hausikiki tena, na mtoto wa darasa la kwanza hawezi kuuwazia.

Mimi mwenyewe nina kosa la kuungama. Babu yangu alikuwa akipiga endara kule Bwera. Likizo zote nilikuwa na simu yenye kinasa sauti mfukoni, nikaitumia kusikiliza mipira ya Uingereza. Babu alifariki mwaka jana. Sina hata pigo lake moja. Kamaru alizikuta sahani za babu yake. Mjukuu wangu atakuta nini?

Basi, haya ndiyo mazoezi ya likizo ijayo:

1. Mwende mzee mmoja wa kijijini kwenu. Mwombe ruhusa kwanza, kwa maana sauti ni mali yake.

2. Nasa dakika tano za ngoma yake, au hadithi, au kazi yake ya mikono. Usimkatize.

3. Taja mwanzoni jina lake, mahali na tarehe, kisha hifadhi nakala mbili.

4. Umsikilizishe mwenyewe, umwulize kama ni sawa.

Tukirudi shuleni tutazisikiliza pamoja. Nanyi wazee mlio karibu, msingoje likizo.