Kwa Nini Faili Kubwa Hukataa Kuingia

Wanafunzi wenzangu, pamoja nanyi mliokwisha kumaliza masomo hapa, somo hili nalileta kwa sababu ya jambo lililotupata likizo iliyopita huko Kyebando.

Kompyuta ya kaka yangu ilikufa. Picha zote za wanafunzi wa zamani zilikuwamo, lakini hatukuogopa, maana tulikwisha kuzifunga pamoja katika faili moja la gigabaiti 9 na kuliweka katika diski ya nje. Tukaenda kwa bwana mmoja mwenye duka la kuchapisha karatasi, tukajaribu kulinakili katika flashi ya gigabaiti 64, tupu kabisa. Kompyuta ikakataa, ikasema faili ni kubwa mno. Tukastaajabu: je, 9 haziingii katika 64?

Sababu yake ni hii. Kila diski ina daftari lake la kuandikia mafaili. Daftari la flashi yetu lilikuwa la mpango uitwao FAT32, uliotoka mwaka 1996. Humo ukubwa wa faili huandikwa katika nafasi 32, na kila nafasi hutiwa 0 au 1 tu. Hesabu kubwa kupita zote inayoweza kuandikwa ni baiti 4,294,967,295. Likizidi kwa baiti moja, faili halina pa kuandikwa. Ni kama karani wa ghala mwenye visanduku 3 vya tarakimu: mtu mmoja akileta magunia 1,000 hawezi kuyaandika, hata ghala likiwa tupu.

Afadhali kompyuta ile ilikataa mapema. Programu nyingine hunakili mpaka zifike kwenye mpaka huo, zikaacha kipande chenye jina lile lile, nawe ukadhani nakala imekamilika. Basi linganisha ukubwa wa nakala na wa faili la asili kabla ya kufuta chochote.

Dawa ni kuipa flashi mpango mwingine, kama exFAT wa mwaka 2006 au NTFS. Lakini kazi hiyo hufuta kila kilichomo. Kijana wa dukani alikuwa amechomeka diski na flashi kwa pamoja, na kidole chake kilikwisha kuchagua diski! Kaka akapiga kelele, tukaichomoa.

Waweza pia kuligawa faili katika vipande 3 vya gigabaiti 3, navyo vitaingia katika FAT32. Ila usijaribu kuviunganisha humo humo, kwa kuwa faili zima litakataliwa tena. Programu kama 7-Zip hufungua kuanzia kipande cha kwanza na kutoa picha moja moja. Nazo, kwa kuwa ni ndogo, huingia bila taabu. Video moja ndefu haingepita.

Sisi tulichagua exFAT. Umeme ukakatika katikati, tukaanza upya. Saa mbili usiku ikafunguka picha ya kwanza, ya timu ya mpira, nusu yao wakiwa pekupeku.