Kazi ya Benki si Kuhesabu Noti

Afisa mikopo wa siku nyingi anajibu barua za wasomaji.

Swali: Sikufanya vizuri hisabati kidato cha nne. Nitaiweza kazi ya benki? (Wasomaji wa Tabora, Mbeya na Tanga, na wengine waliouliza hilohilo)

Jibu: Barua hizi ndizo nyingi kuliko zote, na zinanikera, maana vijana wazuri wanaacha hata kuomba kazi kwa imani hiyo. Riba hukokotolewa na mfumo. Noti huhesabiwa na mashine. Benki inamtafuta mtu wa kutambua kama mkopaji atarejesha.

Tuseme mfanyabiashara wa mahindi anaomba milioni 20. Daftari lake limenyooka, taarifa ya akaunti imejaa miamala. Afisa asiyejua kazi ataishia hapo. Anayeijua atakwenda ghalani bila kuaga mtu. Magunia ya nyuma yakiwa na vumbi na unga wa dumuzi, mzigo hautoki. Atawauliza makuli mara ya mwisho walipakia lori lini. Akirudi ofisini ataisoma upya ile taarifa: milioni 5 zimeingia Jumatatu, zimetoka Jumanne, Ijumaa zimerudi kutoka kwa mtu yuleyule. Hapo hakuna mauzo, ni fedha moja inazungushwa ili akaunti ionekane hai. Hesabu iliyotumika ni ya kujumlisha na kutoa. Kilichobaki ni kuuliza vizuri, kusikiliza, na kuandika ripoti ambayo kamati ya mikopo itaielewa. Hicho cha kuandika ndicho kinachowashinda wengi, wakiwemo wenye A ya hisabati. Mkopo ukipita siku 90 bila rejesho unahesabiwa chechefu, na aliyeupendekeza jina lake limo kwenye faili.

Swali: Kuna mtu anataka laki tatu aniingize benki. Nimpe?

Jibu: Huyo ni tapeli. Karipoti polisi.

Swali: Shikamoo mama. Nimeanza kazi dirishani juzijuzi. Msimamizi wangu akitoka huniachia nywila yake niidhinishe miamala. Naogopa kukataa.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kataa leo. Muamala mkubwa huingizwa na mmoja na kuidhinishwa na mwingine, ili mtu asiweze kuiba peke yake wala kukosea bila kuonekana. Ukishika nywila mbili ulinzi huo haupo tena, na fedha zikipotea utaulizwa wewe. Mwambie kwa heshima. Akiendelea, nenda kwa meneja wa tawi au mkaguzi wa ndani. Msimamizi anayemtwika mgeni mzigo huo hafai kusimamia watu.

Swali: Simu na mawakala havijamaliza ajira za benki?

Jibu: Vimepunguza foleni za dirishani. M-Pesa iko nchini tangu 2008 na benki bado zinaajiri: watu wa usalama wa mifumo, wa kufuatilia miamala ya kitapeli, wa kuchambua takwimu. Anza na Excel, uijue kwelikweli.

Swali: Nina usaili wiki ijayo. Nisome nini?

Jibu: Achana na majibu ya kukariri yanayouzwa mitandaoni. Benki zetu huchapisha hesabu zao kila robo mwaka. Chukua za benki iliyokuita, tazama kama amana zimepanda au zimeshuka, kisha linganisha uwiano wa mikopo chechefu na ukomo wa asilimia 5 uliowekwa na Benki Kuu. Jizoeze kuyaeleza hayo kwa maneno yako. Hesabu hizo hazilipiwi, na wengi utakaokutana nao kwenye usaili hawatakuwa wamezifungua.