Mwezi Mkubwa Nyuma ya Mnara: Je, Picha Ile Ni ya Uongo?



Juzi kwenye grupu letu la vijana mwenzetu alituma picha ya Cordouan, mnara wa taa unaoongoza meli kwenye mlango wa mto Gironde, Ufaransa. Nyuma yake mwezi mpevu, mkubwa sawa na mnara wenyewe. Akasema ni picha moja, haijachezewa. Dakika tano hazijaisha, keshaitwa muongo. Nikaulizwa, "Frateri, wewe unasemaje?"

Mimi nasema tupige hesabu kwanza. Kutoka duniani mwezi unaonekana na upana wa nusu digrii hivi. Kitu chochote ukikitazama kutoka umbali wa mara 110 ya urefu wake, nacho kinaonekana nusu digrii. Cordouan una urefu wa mita 67 hivi. Zidisha: kilomita 7 na ushee. Na mnara huo umesimama majini, takribani kilomita 7 kutoka pwani! (Tena ndani yake mna kikanisa, tangu ulipokamilika mwaka 1611.) Basi mtu aliyesimama ufukweni na lenzi ndefu anaweza kuipata picha ile bila ujanja wowote.

Kumbe mwezi haukukuzwa. Ni mnara uliopungua kwa umbali. Usiku wa mwezi mpevu nyoosha mkono, weka ncha ya kidole cha mwisho mbele ya mwezi. Kinaufunika wote, uwe unachomoza au uko juu utosini.

Aristotle aliliona jambo hili kwenye jua: linaonekana na upana wa futi moja, ilhali tunasadiki ni kubwa kuliko dunia tunayokaa. Jicho limeleta kile lilichopokea. Kosa huingia pale akili inapotoa hukumu. Ndiyo maana Katekisimu, namba 2477, inaiweka hukumu ya haraka pamoja na makosa dhidi ya jina la mtu: kuamini ubaya wa jirani bila msingi wa kutosha. Tunaikumbuka Amri ya Nane kwa anayetuma picha, tunaisahau kwa anayeandika chini yake "muongo wewe".

Sisemi kila picha ni ya kweli. Kuunganisha picha mbili ni sanaa pia, ila useme umeunganisha. Ukitaka kuchunguza, angalia jua liko wapi. Mwezi mpevu hukaa upande wa pili wa jua. Ukiuona ndani ya wekundu wa machweo, upande uleule jua linakozama, hapo pana mkono wa mtu.

Wa kujaribu wenyewe: mnara wa kanisa wa mita 20 unahitaji usimame kilomita 2.2 mbali. Kamera iwe kwenye stendi, isitikisike. Mwezi unaangazwa na jua, kwa hiyo punguza mwanga unaoingia, la sivyo utapata duara jeupe tupu. Anza jioni mwezi unapochomoza, mnara ukiwa bado na mwanga kidogo wa jua. Na uwahi, maana kila dakika 2 mwezi unasogea kiasi cha upana wake.