Kwa Nini Lundo Lako la Mboji Halipati Joto

Swali tunaloulizwa sana kwenye ofisi za kilimo za wadi ni hili: "Samadi niliweka, mbona sukuma zangu zimeungua?" Tukifika shambani, mara nyingi tunakuta samadi imetolewa bandani asubuhi na kutiwa mashimoni jioni. Hiyo bado si mbolea. Ni chakula cha vijidudu, yaani bakteria na kuvu wasioonekana kwa macho, na hao ndio huigeuza kuwa kitu ambacho mmea unaweza kukitumia.

Ukiifukia mbichi, kazi hiyo hufanyika penye mizizi. Samadi ya kuku hutoa amonia, ile harufu inayochoma pua, na miche huungua. Samadi iliyojaa maranda ina tatizo jingine: vijidudu hukosa naitrojeni ya kuwatosha, wakaichukua iliyomo udongoni, na mboga zikageuka manjano. Mimi mwenyewe, mwaka wangu wa kwanza kazini, niliua kitalu kizima cha nyanya kwa samadi ya kuku.

Basi iache ioze kwanza, katika lundo. Chagua mahali penye kivuli, chini ya mwembe kwa mfano. Lundo liwe na upana na kimo cha angalau mita 1, kwa sababu dogo kuliko hapo halihifadhi joto. Tandika mabua ya mahindi chini ili hewa ipite. Kisha panga tabaka: majani makavu yaliyokatwakatwa, halafu majani mabichi kama magugu na maganda ya ndizi, halafu samadi, halafu udongo kidogo wa juu uliochotwa chini ya mti. Huo udongo ni kama hamira, vijidudu vimo tayari. Nyunyizia maji kila tabaka. Jivu likizidi hupoteza naitrojeni, kwa hivyo konzi moja moja inatosha. Makumbi ya nazi yaache, huchelewa mno kuoza. Funika kwa makuti.

Sasa chukua kijiti kirefu ukichome hadi katikati. Baada ya siku 3 au 4, kichomoe ukishike. Kikiwa moto, vijidudu vinafanya kazi. Katikati ya lundo zuri joto hupita nyuzi 55 za selsiasi, na likikaa hapo siku kadhaa, mbegu nyingi za magugu na viini vya magonjwa hufa. Hapa hatuzungumzii mimea pekee. Samadi mbichi kwenye mchicha inaweza kuwapa watoto wako ugonjwa wa kuhara.

Kijiti kikitoka baridi na kikavu, lundo lina kiu. Kikitoka baridi na kinanuka mayai viza, maji yamezidi na hewa imekosekana, hivyo ligeuze na uongeze majani makavu. Kikiwa na unyevu, hakinuki, lakini bado ni baridi, majani mabichi na samadi havikutosha. Kupima maji ni rahisi: fumbata konzi ya mboji uikamue. Yakitoka matone machache tu, ni sawa.

Geuza kila baada ya wiki 2 au 3, ya nje yaingie ndani. Kwa joto letu la Pwani, baada ya miezi 3 hivi mboji huwa nyeusi, yenye harufu ya udongo uliopata mvua. Tia viganja viwili kila shimo. Kwenye udongo wetu wa kichanga, mboji pia husaidia kushika maji.

Kuna chupa za vijidudu madukani, na watu hutuuliza kama wanunue. Kwa maoni yangu, tengeneza lundo kwanza. Hakuna chupa itakayookoa lundo kavu.

Kuna vijidudu vingine ambavyo huhitaji kuvitengenezea lundo. Hukaa kwenye mizizi ya kunde, pojo na maharagwe, na huchukua naitrojeni iliyo hewani na kuupa mmea. Kunde zikianza kutoa maua, chimba mmea mmoja taratibu, usiung'oe, utazame vinundu kwenye mizizi. Pasua kimoja kwa ukucha. Ndani pakiwa na rangi ya waridi au nyekundu, bakteria wanafanya kazi. Pakiwa peupe au kijani, au vinundu vikikosekana, muulize afisa wa kilimo kuhusu pakiti za bakteria za kupaka mbegu. Nunua zilizoandikwa jina la zao lako, kwani za soya si za maharagwe, na uziweke mbali na jua, maana bakteria hao wako hai.

Ukivuna kunde, kata shina usawa wa ardhi. Mizizi iache humo humo, kisha panda sukuma pale pale.