SOMO: SIMU ZA INTANETI KATIKA OFISI YENYE ANWANI MOJA

Msimu uliopita nilifika katika chama cha msingi kimoja, ambacho sitakitaja jina, nikakuta wakulima wamekesha na magunia yao ya kahawa nje ya ghala. Lori lilikuwa limeahirishwa kwa siku mbili. Karani aliyepiga simu alishikilia kwamba alimsomea Katibu taarifa yote. Katibu naye aliapa kwamba simu iliita, akasema "haloo" mara nyingi, asisikie kitu. Wote wawili walisema kweli. Kosa lilikuwa katika simu mpya za intaneti, na ndilo somo letu.

Ndugu wanachama mtaelewa upesi mkifikiri habari za sanduku la posta. Chama kina S.L.P. moja, ingawa ofisini wamo Katibu, mhasibu na mtunza ghala. Hali kadhalika ruta ya chama hupewa anwani moja tu ya intaneti, kwa kuwa anwani za mfumo wa zamani hazifiki hata milioni 4,300 na hazitoshi dunia nzima. Kila simu ya mezani hupewa na ruta anwani ya ndani, aghalabu ianzayo na 192.168, isiyojulikana huko nje. Barua itokapo, ruta hufuta anwani ya ndani juu ya bahasha, huandika ile ya chama, na kuweka kumbukumbu katika daftari lake ili jibu limfikie mwenyewe.

Sasa, simu ya intaneti huandika anwani yake mara mbili: juu ya bahasha, na tena ndani ya barua inapomweleza mwenzake mahali pa kuleta sauti. Ruta husahihisha bahasha tu. Basi aliye mbali hupeleka sauti yake kwenye anwani ya ndani, ikapotea njiani. Katibu anasikika, lakini yeye hasikii.

Dawa yake ni kuiandikia simu, katika ukurasa wa mipangilio, jina la seva ya STUN. Kwanza simu huiuliza seva hiyo yaonekana nje kwa anwani gani, kisha huandika hiyo ndani ya barua. Mtoa huduma aulizwe kwanza, maana wengine husahihisha jambo hili upande wao. Tena ruta nyingi zina kipengele kiitwacho SIP ALG, ambacho hufungua barua na kujaribu kuisahihisha. Nia ni njema, lakini mara nyingi huivuruga; mimi hukizima kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

Kuna ugonjwa wa pili: simu hupiga nje vizuri, lakini ikikaa kimya kitambo haiiti tena. Hapo ruta imefuta kumbukumbu yake. Nyingine hufuta baada ya nusu dakika tu. Simu iagizwe kutuma salamu fupi kila sekunde 20. Na zikiwa simu tatu, kila moja ipewe namba yake ya mlango: 5060, 5062, 5064.

Wapo mafundi wanaofungua mlango wa 5060 kwa dunia nzima ili kumaliza kazi upesi. Halmashauri isikubali. Wezi hujaribu milango hiyo usiku na mchana, na wakipata neno la siri hupiga simu za nchi za nje kwa gharama ya chama. Isitoshe, ikiwa anwani ya nje ya ruta yenu yaanzia 100.64 hadi 100.127, basi kampuni yenyewe imewachanganya na wateja wengine chini ya anwani moja, na kufungua mlango katika ruta yenu hakutafaa kitu.

Fundi asilipwe kabla ya jaribio. Simu iachwe kimya dakika 10, kisha ipigwe kutoka nje, na kila upande usome tarakimu za mizani ambazo mwenzake atazirudia.