Kiendeshi Kinapojikokota: Kutafuta Kiini cha Uzito wa Namba katika Smalltalk

Programu ya Smalltalk inayosoma mistari 50,000 kutoka PostgreSQL inaweza kuchukua sekunde kadhaa hata pale seva ilipokwisha maliza kazi yake zamani. Muda huo huliwa na kiendeshi, ile sehemu ya programu inayozungumza na hifadhidata kwa niaba ya nyingine zote: hufungua soketi, hutuma swali la SQL, hupokea baiti, huzikata safu kwa safu, kisha hugeuza kila kipande kuwa objekti. Katika Pharo na Squeak, matoleo mawili ya Smalltalk, viendeshi vya PostgreSQL kama P3 na PostgresV2 vimeandikwa kwa Smalltalk yenyewe, tangu soketi hadi namba. Kwa mchunguzi hiyo ni neema kubwa. Kila hatua inaweza kufunguliwa, kusomwa, kupimwa na kubadilishwa huku programu ikiendelea kukimbia.

Daftari la mizani la wakulima wa mpunga linatosha kuwa mfano. Wilaya ya Rusizi, magharibi mwa Rwanda, hulima mpunga katika bonde la Bugarama, na tuseme gunia la mkulima wa Gitambi linapopimwa huandikwa mstari mmoja wenye safu tano: namba ya mkulima, tarehe na saa, uzito wenye desimali, bei ya kilo, na jumla kwa faranga. Mistari 50,000 ya namna hiyo ni mageuzi 250,000 kutoka maandishi kwenda objekti. Kama kila geuzo lingegharimu mikrosekunde 20 tu, jumla ingekuwa sekunde 5 kamili. Hakuna geuzo moja litakaloonekana zito likitazamwa peke yake, na ndiyo maana lawama huiangukia hifadhidata.

Kazi huanza kwa kutenganisha nyakati tatu zilizofungwa pamoja: muda wa seva, muda wa njiani, na muda wa kugeuza. Muda wa seva hupatikana kwa kuendesha swali lilelile ndani ya psql likitanguliwa na EXPLAIN ANALYZE. Kipimo hicho hakihesabu kupeleka majibu kwa mteja, kwa hiyo kinaonyesha kazi ya seva peke yake. Kikisema milisekunde 60 ilhali Smalltalk inasubiri sekunde 6, kuongeza faharasa kwenye jedwali ni kupoteza siku.

Muda wa njiani hupimwa kwa swali lisilo na uzito wowote, mara mia mfululizo:

[ 100 timesRepeat: [ kiendeshi query: 'SELECT 1' ] ] timeToRun

Jibu likigawanywa kwa mia hutoa gharama ya kwenda na kurudi mara moja. Seva ikiwa kwenye mashine ileile, gharama hiyo inapaswa kuwa chini ya milisekunde moja au karibu nayo. Ikitokea karibu na milisekunde 40 kila mara, kwa ukawaida wa kutia shaka, mara nyingi chanzo ni kanuni ya Nagle kukutana na uthibitisho uliocheleweshwa wa TCP: upande mmoja unangoja kujaza pakiti, wa pili unangoja kabla ya kukiri kupokea. Dawa ni kuwasha chaguo la TCP_NODELAY kwenye soketi, na kuhakikisha kiendeshi kinakusanya ujumbe mzima kabla ya kuutuma badala ya kuusukuma vipande vipande. Seva ikiwa ng'ambo, hesabu ni nyingine. Safari ya milisekunde 150 ikirudiwa kwa kila mkulima mmoja mmoja, wakulima 400 watakula dakika nzima, na hakuna ufundi wa namba utakaoikomboa. Hapo swali moja linaloleta wote kwa pamoja ndilo suluhisho.

Muda wa kugeuza una njia yake rahisi ya kuufichua, nayo haihitaji kugusa kiendeshi hata kidogo. Swali huendeshwa mara mbili. Mara ya kwanza kama lilivyo. Mara ya pili kila safu ya namba na tarehe ikiombwa kama maandishi:

SELECT mkulima::text, muda::text, uzito::text, bei::text, jumla::text FROM mizani

Kiendeshi kikipokea safu ya aina ya maandishi hakina namba ya kujenga; hurudisha mfuatano wa herufi na kuendelea. Baiti zinazopita njiani ni karibu zilezile, mistari ni ileile. Tofauti ya saa kati ya maswali mawili ndiyo bei ya kugeuza. Mwandishi wa makala hii huanza na kipimo hiki kabla ya kufungua chombo chochote kikubwa, kwa sababu hukata shauri kwa dakika tano.

Baada ya hapo ndipo MessageTally inapofaa. Katika Squeak huandikwa:

MessageTally spyOn: [ kiendeshi query: swali ]

Chombo hiki huchungulia mchakato kila milisekunde na kuandika methodi iliyokutwa ikikimbia, kisha hutoa mti wa asilimia. Sehemu ya kusoma kwanza ni ile ya majani, yaani methodi zilizokutwa zikifanya kazi zenyewe bila kuita nyingine, kwa maana vigogo vya juu vitakuwa na asilimia mia sikuzote na havisemi kitu. Mwishoni kuna habari za kumbukumbu na usafishaji wake, nazo zisirukwe. Kipimo kirefu kidogo, cha sekunde tano au zaidi, huaminika kuliko kifupi. Pia ikumbukwe kwamba chombo hiki huhesabu kazi. Kusubiri soketi si kazi. Ndiyo sababu muda kwa saa ya ukutani ulipimwa kwanza.

Majina yanayojitokeza kwenye majani husimulia kisa chote. Kukiwa na gcd: nyingi, mahali fulani sehemu zinarahisishwa. Kukiwa na digitDiv:neg:, namba kubwa zinagawanywa. Jina la DateAndTime likitawala, tatizo si namba, ni tarehe. Na utitiri wa ReadStream class >> on: unaonyesha kwamba kila kipande kidogo cha maandishi kinajengewa mkondo wake, unaotumika mara moja na kutupwa.

Ili kuelewa kwa nini majina hayo hujitokeza, ni lazima kujua PostgreSQL inatuma nini. Katika itifaki yake ya toleo la 3, iliyoletwa na PostgreSQL 7.4 mwaka 2003, swali la kawaida hujibiwa kwa maandishi. Namba 48250 haiji kama namba. Huja kama baiti tano, kila moja ni tarakimu. Maelezo ya safu hutangulia yakiwa na alama ya aina: 23 kwa namba nzima ya baiti nne, 20 kwa ya baiti nane, 701 kwa nukta elea, 1700 kwa numeric. Kiendeshi hutazama alama hiyo na kuchagua mgeuzaji. Kinachofaa ni kuchagua mara moja kwa kila safu, kabla ya mstari wa kwanza. Kiendeshi kinachotafuta mgeuzaji kwenye kamusi kwa kila seli hufanya utafutaji mara 250,000 pale ambapo mara tano zingetosha.

Mgeuzaji wa uvivu ni Number readFrom:. Methodi hiyo ni ya heshima: inasoma namba hasi, desimali, vipeo, hata namba za besi nyingine kama 16rFF. Lakini safu ambayo tayari inajulikana kuwa namba nzima haihitaji ujuzi wote huo. Kitanzi kidogo juu ya baiti zilezile zilizotoka kwenye soketi kinatosha:

n := 0.
mwanzo to: mwisho do: [ :i | n := n * 10 + (baiti at: i) - 48 ]

Hakuna mkondo unaojengwa, hakuna mfuatano wa herufi unaokatwa, na to:do: iliyoandikwa hivi hugeuzwa na kompaila kuwa kitanzi halisi bila kuunda bloku. Kwa kuwa Smalltalk husoma alama za hesabu kutoka kushoto kwenda kulia, mabano zaidi hayahitajiki. Ishara ya kutoa hushughulikiwa kabla ya kitanzi.

Ukubwa wa namba nao una mpaka wake. Katika taswira (image) ya biti 32, SmallInteger huishia 1,073,741,823. Tarakimu tisa ziko salama, ya kumi ina mashaka. Ikivuka hapo, kila hatua ya hesabu huunda LargePositiveInteger mpya kwenye kumbukumbu. Kilo 3,000,000 za mpunga kwa faranga 400 ni faranga 1,200,000,000, na mpaka umekwisha vukwa. Katika taswira ya biti 64 ya Spur, mfumo wa kumbukumbu wa mashine pepe ya Squeak na Pharo, mpaka ni 1,152,921,504,606,846,975, kwa hiyo tarakimu 18 hupita bila kuunda objekti yoyote. Kuhamia biti 64 mara nyingine hufanya kazi ambayo wiki nzima ya kuandika upya isingeifanya. Gharama hii ya objekti zisizo za lazima haikuwa ngeni kwa shule za Rwanda, ingawa haikutajwa kwa jina: kompyuta za XO za mradi wa One Laptop per Child, zilizosambazwa huko kuanzia 2008 hadi kupita 200,000, zilibeba Etoys, ambayo ni Squeak ndani. XO ya kwanza ilikuwa na prosesa ya 433 MHz na kumbukumbu ya MB 256. Kwenye mashine ya namna ile kila objekti ya bure ilihisiwa na mtoto aliyekuwa akisubiri gari alilolichora lisogee kwenye kioo.

Desimali ndiyo penye mtego mkubwa. Katika Smalltalk, kugawanya namba nzima mbili hakutoi nukta elea. 12345 / 100 hutoa Fraction, 2469/20, baada ya kutafuta kigawo kikubwa cha shirika. Mgeuzaji anayesoma "123.45" kwa kukusanya tarakimu na kuzigawa kwa 100, kisha akaomba asFloat, amelipa gcd, ameunda objekti, na ameitupa. Tiba ni jedwali la vipeo vya kumi lililo tayari katika Float:

n asFloat / (vipeo at: k)

Hapa k ni idadi ya tarakimu baada ya nukta, vipeo at: 1 ni 10.0, at: 2 ni 100.0, na kuendelea. Jibu si la haraka tu, ni sahihi hadi biti ya mwisho, mradi tarakimu zisizidi 15 na kipeo kisizidi 22, kwa sababu namba nzima hadi 2 kwa kipeo cha 53 na vipeo vya kumi hadi 22 vyote huingia katika Float bila kukatwa. Nje ya mipaka hiyo mgeuzaji aiachie kazi methodi ya kawaida. Usahihi usiuzwe kwa kasi.

Kwa fedha na uzani, hata hivyo, safu huwa ya numeric, na viendeshi vingi huigeuza kuwa ScaledDecimal. Ndani yake kuna Fraction, hivyo kujumlisha uzito wa mistari 50,000 ni kurahisisha sehemu mara 50,000. Kama mizani inasoma hadi gramu 100, ni bora safu ihifadhi namba nzima ya gramu na nukta iwekwe wakati wa kuonyesha. Faranga ya Rwanda haina haja ya senti katika daftari la mpunga. Bei iwe integer tangu kwenye jedwali.

Tarehe hustahili jicho lilelile. DateAndTime readFrom: hupitia mkondo, saa za kanda na namna nyingi za uandishi, ilhali PostgreSQL kwa mpangilio wake wa kawaida hutuma umbo moja lenye nafasi zisizohama: mwaka katika baiti nne za kwanza, mwezi ya 6 na 7, siku ya 9 na 10. Kusoma kwa nafasi, na kukumbuka Date ya mwisho kwa kuwa mistari inayofuatana mara nyingi ni ya siku moja, hupunguza mzigo sana.

Kuna kosa moja la eneo hili la Maziwa Makuu ambalo huonekana kama kasi kumbe ni upotevu. Waliosoma hesabu kwa Kifaransa huandika desimali kwa mkato: 48,5. Safu ikiwa ya maandishi, Number readFrom: husoma 48, hukutana na mkato, na kunyamaza. Nusu kilo imekwenda. Marekebisho yafanyike wakati wa kuingiza data, safu iwe ya namba, na mgeuzaji akatae baiti yoyote isiyo tarakimu, ishara wala nukta.

Kila badiliko lipimwe kwa mistari ileile, kwenye taswira iliyofunguliwa upya, mara kadhaa, likiwa peke yake. Kisha jumla ya safu ihesabiwe mara mbili, na seva kwa SUM na Smalltalk kwa inject:into:, na majibu mawili yalingane hadi gramu ya mwisho kabla ya mgeuzaji wa zamani kufutwa.