Bomba Kwanza, Sakafu Baadaye

Mkulima akivuna vizuri, hutamani nyumba ya mawe yenye sakafu ya saruji na maji ndani. Ni jambo jema. Lakini kilichowekwa vibaya chini ya sakafu hakitengenezeki ila kwa mtaimbo. Basi mwezi huu tutazame mabomba na sakafu pamoja, na tujifunze kwa Mji wa Kale wa Mombasa.

Nyumba za zamani za pale zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu za ghorofa huchukuliwa na boriti za mikoko. Boriti haifiki mbali, ndiyo sababu vyumba ni vyembamba, kama mita 2 na nusu hadi 3. Sakafu ya namna hiyo ikiwa kavu hudumu miaka mingi sana. Ikilowa kila siku, ncha za boriti zilizoingia ukutani huoza, na aliye chini hana habari mpaka vumbi lianze kumwangukia.

Hapo kale maji yalitekwa visimani. Maji ya bomba yalikuja baadaye, kwanza kutoka milima ya Shimba, kisha mwaka 1957 likakamilika bomba kubwa la chemchemi za Mzima, zaidi ya kilomita 200 kutoka mjini. Ikawa kupitisha mabomba katika nyumba ambazo hazikujengwa kwa ajili yake. Na bomba la chuma likizikwa katika ukuta wenye chumvi na unyevu, haliishi kutoboka.

Hatari si hasara ya maji tu. Mombasa maji huja kwa zamu. Bomba likijaa, tundu hutoa maji nje. Likiwa tupu, tundu lile lile huweza kunyonya uchafu ulio karibu. Mahali ambapo mabomba na mashimo ya vyoo vimesongamana, maji ya zamu ijayo huweza kuleta kuhara, hata kipindupindu, mpaka ndani ya mtungi ulioufunika vizuri.

Sasa twende kwenye kiwanja chako, ambako una nafasi wasiyokuwa nayo watu wa mjini. Weka jiko, bafu na choo upande mmoja wa nyumba, ili mabomba yawe mafupi. Maji safi na maji machafu yasichimbiwe mtaro mmoja. Bomba la maji machafu la inchi 4 literemke kama sentimita 2 na nusu kwa kila mita.

Bomba la maji safi lipite nje ya nyumba kadiri iwezekanavyo. Pale ambapo halina budi kupita chini ya sakafu, litie ndani ya bomba pana zaidi, ili siku likiharibika lichomolewe bila kuvunja kitu. Viungo visiwe chini ya sakafu kabisa.

Kisha lijaribu. Ziba ncha, lijaze maji, uliache usiku kucha likiwa wazi. Asubuhi pangusa kila kiungo kwa karatasi kavu. Karatasi ikilowa, kiungo kifunguliwe. La maji machafu nalo lizibwe chini na kujazwa. Fundi atasema ana kazi nyingine inamngoja. Mwache angoje, nyumba ni yako.

Huko Ulaya sakafu hukingwa na baridi. Adui yetu sisi wa pwani ni unyevu unaopanda kutoka ardhini. Ondoa udongo wa juu, shindilia mawe, mwaga mchanga juu yake usiitoboe nailoni, kisha tandika karatasi nene ya nailoni. Vipande vipandiane sentimita 30, na kingo zipande ukutani. Hapo ndipo zege la sentimita 10 limwagwe, nalo lilowanishwe siku 7. Mchanga wa ufuoni usitumike, maana chumvi yake hula chuma na kuvuta unyevu.

Kabla ya kumwaga zege, chora mahali bomba lilipopita, ukiandika vipimo kutoka kila ukuta. Karatasi hiyo iwekwe pamoja na hati ya shamba.